Migebuka kwa Bertilla

Mimi sikusoma sana. Darasa hapa, darasa pale, kisha barabara ikanichukua. Ila habari ya mafuta naijua, maana iliniweka mbali na mke wangu.

Bertilla nilimwoa nikichuuza samaki Kipili, tukakaa naye ziwani. Ilipokuja operesheni ya vijiji, mama yake alihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kaengesa. Bibi yule alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Bertilla akapanda kumuuguza.

"Naenda mara moja tu," aliniambia.

Hiyo mara moja ikala mavuno mawili.

Huko juu kwenye baridi vidole vikaanza kumvimba. Asubuhi vilikakamaa hata kufunga kanga hawezi. Dada yake Cornelia, aliyeolewa kijiji cha jirani, akajitwika kazi ya kumtibu kwa mafuta ya nguruwe. Kila mboga ikawa inaelea. Siku niliyofika na lori la Muhidin, mwenye duka mjini Sumbawanga, nilimkuta Cornelia anamwagia maharage ya Bertilla upawa mwingine wa mafuta.

"Shemeji, utamuua huyo."

"Nimuue kwa lipi? Mnyororo wa baiskeli ukilia, si unautia mafuta?"

"Mke wangu si baiskeli."

"Kweli. Baiskeli ni wewe, hukai mahali."

Bertilla alicheka, akaficha mikono chini ya kanga.

Nikampeleka zahanati. Mganga, kijana mpole jina lake Leonardi, alivibonyeza vidole kimoja kimoja.

"Hii baridi yabisi, mama. Kinga ya mwili ilipaswa kupigana na maradhi, sasa inapiga viungo vyako wewe mwenyewe. Na mafuta unayokula hayaendi kwenye kiungo kama grisi. Yanaingia kwenye damu. Mengine yanachochea uvimbe, mengine huenda yakaupoza."

"Yapi yanapoza?" nikauliza.

"Ya samaki, wanasema. Wataalamu bado wanachunguza. Hayaponyi, ila yanaweza kumpunguzia. Ya nguruwe apunguze, na vidonge asiache."

"Ndiyo maana Kipili sikuumwa," Bertilla akasema.

"Labda. Au ugonjwa ulikuwa haujaanza."

Tulirudi kwa miguu, upepo unatupiga kifuani. Katikati ya mashamba ya ulezi akasimama.

"Alfonsi, nikwambie. Mikono ikikataa kabisa, Cornelia atamchukua mama. Hapo nitashuka na wewe."

Nikaanza kupiga hesabu. Mgebuka ni samaki aliyenona. Ukimbanika, mafuta yanadondoka mpaka moto unalia. Na mimi nilikuwa na gunia lao zima ndani ya lori. Ningelipeleka sokoni mjini lote, nikangoja mikono ikatae. Kungoja tu, basi, na kabla ya mvua ningekuwa na mke nyumbani.

Tulipofika nikalishusha gunia, nikaliweka jikoni kwake.

"Kula hawa," nikamwambia. "Wakiisha nitaleta wengine."

Alijua nilichokuwa nakitoa.

Nikawa napanda kila lori lilipopatikana. Hakupona. Kuna asubuhi alilia akishika kikombe tu. Lakini uvimbe ulipungua, akasonga ugali, akamgeuza mama yake bila kumwita mtu. Kama ni samaki, kama ni vidonge, mimi sijui. Yeye alisema ni samaki, na mimi sikuthubutu kuacha kuwaleta. Ziwani nilipikia mtu mmoja, nikala nimesimama mlangoni, nikiangalia njia ya kupanda juu.

Safari moja nilimkuta amekaa mbele ya jiwe la kusagia, anasaga ulezi na kuimba kidogo kidogo. Nilisimama uani na gunia begani. Nilitaka aendelee, na nilitaka aache.

Yunusu, dereva, akapiga honi barabarani. Bertilla akainuka kunipokea mzigo.

"Hutakaa hata kula?"

"Lori halingoji."

Mama yake akauliza kutoka ndani, "Nani huyo amekuja?"

"Ni Alfonsi, mama," Bertilla akajibu, akiwa bado amelishika gunia. "Anaondoka."