Asilimia Tisini na Tisa

Jua lilipopatwa mjini kwetu mara ya kwanza, mimi nilikuwa chini ya lori, nimevaa kinyago cha kuchomelea vyuma. Ndani ya kinyago kile ni giza asubuhi mpaka jioni, sasa ningejuaje? Kuku walirudi bandani, majirani wakapiga kelele, mke wangu akaja kunivuta mguu. Nikamwambia, "Subiri nimalize hapa." Nilipotoka, jua lilikuwa limesharudi, linanicheka. Lile lori lilikufa zamani, ila kile kiungo nilichochomelea bado kinaishi, nasikia kimeoa.

Miaka arobaini na moja mke wangu ananisimulia alichokiona. Kila mwaka nyota alizoziona mchana ule zinaongezeka.

Kwa hiyo redio iliposema linapatwa tena mwezi ujao, nilitandaza ramani mezani, nikapiga mstari kwa rula. Kivuli kitapita mji wa mpakani, mwendo wa saa nne kwa basi. Jumanne naondoka, nalala kwa shemeji. Jumatano mchana niko uwanjani, shingo juu.

"Baba, hapa kwetu litafunikwa asilimia tisini na tisa," akasema binti yangu, muuguzi wa kliniki ya macho. "Kaa zako barazani, utaona."

"Mwanangu, ukiruka mtaro asilimia tisini na tisa, unatua wapi?"

"Mtaroni!" mke wangu akadakia, akacheka mpaka akashika mbavu.

Binti hakucheka. "Jumatano hiyo ndiyo siku yako ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Nafasi hiyo nimeihangaikia miezi saba."

Hapo nikanywea. Jicho langu la kushoto linaona dunia kama imemwagiwa maziwa.

Kesho yake nilikwenda kliniki mwenyewe.

"Mzee, unaahirisha jicho ili ukatazame jua?" daktari akashangaa.

"Nitatazama kwa lile zima, daktari. Na miwani maalumu nitavaa."

"Foleni ikikupita, ni mwakani."

"Andika mwakani."

Mwenye daftari alikuwa binti yangu. Kalamu ikamsimama mkononi. "Baba, una uhakika? Hilo jicho litazidi kufifia."

"Nikilikosa hili, litafunikwa lote tena lini pande zetu hizi?"

Akapekua simu yake. "Miaka mia moja na sitini."

"Basi mwakani ni karibu."

Akalikata jina langu kwa mstari mmoja, bila kunitazama. Kisha akaniuliza basi linaondoka saa ngapi.