Mkonge Wangemchukua Mrefu

Usiku wa jana niliota ubishi wa kwa Shekue umehamia sebuleni kwangu, na anayebishaniwa ni mimi.

Wivu nililala nao, sikatai. Jioni yake tulikuwa kwa Shekue, fundi baiskeli, kando ya kiwanja cha kikapu hapa Tanga, ambako kila siku watu wazima hubishana habari za zamani. Zamu hii wakaibua ule mwaka timu zilipochagua vijana wapya. Mkonge walikuwa wa kwanza kuchagua, wakamwacha senta mrefu, Mbwana Mlingoti, wakamchukua kijana mfupi mpiga pasi. Reli wakamwokota Mlingoti, wakabeba makombe mpaka kabati likawa dogo.

Kijana mfupi ni mimi. Nilikuwa nimekaa palepale.

Mke wangu Siwema, aliyekuja kuchukua baiskeli yake, akatia neno bila kuombwa: "Mimi ningekuwa Mkonge, ningemchukua mrefu." Mlingoti mwenyewe alikuwepo, kaja likizo kutoka Arusha. Akacheka. Siwema naye akacheka. Na huyo Mlingoti, kwa asiyejua, ndiye aliyepeleka posa kwa kina Siwema wiki ileile niliyopeleka mimi.

Basi, ndotoni sebule imejaa wabishi. Shekue kakaa kwenye kochi na spana yake. Mwenyekiti ni ringi ya kiwanjani, imening'inia pale penye feni, na wavu wake uliochanika anauchezea kama ndevu.

"Suala la leo," anasema mwenyekiti. "Nyumba ya mzee Semboja, baba yake Siwema, kule Muheza, ilikuwa na posa mbili mezani. Wakamchukua mfupi. Je, walikosea?"

"Walikosea," anasema Shekue. "Nisamehe Hemedi, chai yako tamu, lakini walikosea."

"Msimu ule hakukuwa na mrefu mwingine," anaongeza mtu kutoka nyuma ya pazia. "Kimo hakinunuliwi dukani."

Saa yangu ya ukutani imeacha kazi yake. Inarudi nyuma kutoka sekunde ishirini na nne, kama ile ya kikapu, na ikilia hujamaliza kusema, maneno yaliyobaki wanapewa wapinzani. Nikasimama nikasema, "Mimi ni mume..." ikalia. Neno "halali" akapewa Mlingoti. Akalikunja, akalitia mfuko wa shati.

Nikaumia. Shati lenyewe lilikuwa limempendeza.

"Tuangalie na faida ya baadaye," anasema Shekue. "Wangemchukua mrefu, hata mtoto angerefuka." Hapohapo binti yetu Tuma, kwenye picha ya ukutani, anaanza kurefuka. Kichwa kinatoka nje ya fremu, kinagusa dari, kinainama kuniangalia.

"Shikamoo mjomba," ananiambia.

"Mimi baba yako."

"Bado wanajadili," anasema Tuma.

Shekue akatoa pendekezo. Yaliyopita yarekebishwe: Mlingoti ahamie hapa, mimi niende Arusha. Mwenyekiti akasema ni sawa, ila kwa kanuni za kubadilishana wachezaji, pande mbili lazima zilingane. Tukasimamishwa ukutani, mimi na Mlingoti, tukapimwa. Nikapungua.

"Mwongezeni stuli," akasema mwenyekiti.

Wakaleta stuli ya jikoni kwetu, ile ninayopandia kubadilishia taa. Nikaisimamia. Tukalingana.

"Mimi siendi Arusha," ikasema stuli. "Nina goti bovu, na kule kuna baridi."

"Wewe ni nyongeza tu," akasema mwenyekiti. "Nyongeza haiulizwi."

Hapo nikaona mambo yanakwenda kuisha. Nikachomoa mpira chini ya meza, nikatoka mbio nao. Nilisahau kuudundisha. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, filimbi ikalia, na kwa kosa la kutembea na mpira nikajikuta Muheza, uani kwa wakwe zangu, nimevaa kaptula.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Ndiyo mavazi ya kuja ukweni hayo?"

"Nimetoka mchezoni, mama."

Wabishi walikuwa wameshafika, wamejipanga juu ya ukuta. Mlingoti amesimama katikati ya ua, kichwa kimepita paa, anaongea na majirani wa nyuma. Siwema amekaa mkekani na barua mbili za posa mbele yake, kijana kama alivyokuwa siku ile. Alikuwa mzuri hata nikawaonea wivu wote wanaomtazama, na mkeka pia.

"Siwema, chagua upya," akasema mwenyekiti. "Utakayemtaja ndiye utakayeamka naye."

Nilitaka kumwambia, "Nichague mimi, nakupenda." Nikaanza na salamu, kwa sababu ya wakwe. Saa ikalia.

Siwema akaweka kiganja kimoja juu ya ncha za vidole vya kingine, kama kocha anayeomba mapumziko. Kila kitu kikasimama. Kuku akabaki na mguu mmoja hewani.

"Mlikuja kwetu nyote wawili," anasema. "Mbwana alitoa kopo la sukari juu ya kabati bila hata kunyoosha mkono, akajitilia, akalirudisha kulekule juu. Hemedi alipanda stuli, akalishusha, akaniuliza, 'Niliweke wapi ulifikie?'"

"Na ile kauli ya jana kwa Shekue?" nikauliza.

"Ya jana ni kikapu. Kwenye kikapu ningemchukua mrefu, na nikiulizwa kesho nitasema hivyohivyo. Lakini mume ni Hemedi. Na stuli ibaki."

Kuku akashusha mguu.

"Imepita," akasema mwenyekiti.

Mlingoti hakununa. "Basi niage," akasema. Akanyoosha mkono juu ya paa, nikauona unashika njia ya Tanga, unapita Pongwe, unaingia mjini.

"Unakwenda wapi huo mkono?" nikauliza.

"Unaaga," akasema.

Nikaamshwa na sauti ya Siwema jikoni. "Baba Tuma! Nani kalipandisha kopo la sukari huku?"

Kopo lilikuwa juu kabisa ya kabati, limesukumwa mpaka ukutani. Nilipanda stuli, sikulifikia. Ikabidi nichuchumae, Siwema apande mabegani, ninyanyuke naye polepole nimeshika ukuta. Akalivuta.

"Limejaa vumbi," akasema kutoka juu. "Na kuna alama za vidole. Mh! Virefu."

"Futa."

"Nishushe kwanza."

Nikamshusha. Akalifuta kwa ncha ya khanga, akaliweka kwenye rafu ya chini, palepale linapokaa tangu tuoane.

"Futa tena," nikasema.