Mtaa wa Ukutani

Mwalimu Zubeda alikuwa amechoka kusoma insha moja iliyoandikwa na watoto wote. Darasa la nane, katika shule yake ya Likoni, walirithishana mwanzo ule ule kama kanzu ya Idi: jua lilichomoza, ndege wakaimba, mama akaniamsha kwa sauti nyororo. Ungewapa kichwa cha ajali ya barabarani, na bado ndege wangeimba kwanza ndipo gari ligonge mtu. Kwa hivyo mwaka wa 1997 ulipoanza aliunganisha karatasi za manila kwa gundi, akazitundika kwenye ukuta wa nyuma, akaandika juu kwa kalamu nene: MTAA WETU. Akawaambia hiyo ni insha moja ya darasa zima, na kila mtu ana ruhusa ya kuandika humo na kusahihisha cha mwenzake.

Mwalimu mkuu aliuliza alama zitakuwa za nani, maana chungu cha wapishi wengi hakikosi kuungua. Zubeda alimjibu kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, akaenda zake. Alikuwa mwanamke wa ulimi mwepesi, mzaliwa wa Likoni hiyo hiyo, na Kiswahili alikiona kuwa mali ya nyumbani kwao.

Masharti aliyaweka mwenyewe. Anayefuta asitumie raba. Apige mstari mmoja ili maneno ya kwanza yaendelee kusomeka, kisha atie jina lake pembeni. Kisichokuwa kweli kifutwe na yeyote akionaye. Na mwalimu hagusi karatasi. Hili la mwisho ndilo alilojivunia zaidi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini wakati ule hakuuona kuwa mwiba.

Mwanzoni ilikuwa vita. Badi, kiranja wa darasa, kijana wa ukoo wa kale, aliandika kwamba kisima cha msikitini kilichimbwa na babu yake. Kesho yake sentensi ilikuwa na mistari mitatu na majina matatu, kila mmoja na babu yake. Ikawabidi waende kwa wazee kuuliza, wakarudi na habari kwamba kisima kilichimbwa na mwanamke ambaye hakuna aliyekuwa akimtaja. Zubeda alifurahi hata akasahau kwenda kula. Kufikia Juni mtaa mzima ulikuwa umehamia ukutani: Mama Agneta na kibanda chake cha njugu, mbuzi wa Mzee Khamis aliyekula shuka za watu, fundi baiskeli aliyekopwa na kila mtu na asiyemdai yeyote.

Jerioth hakuwa akizungumza darasani. Baba yake, Elkana, mtu wa bara, alifanya kazi kwenye makontena ya bandari ya Kipevu, na binti alikuja na Kiswahili kilichochekwa siku ya kwanza. Tangu hapo akakaa kimya miaka miwili. Ukutani aliandika sentensi moja tu: "Jerioth anakaa nyumba ya nne kutoka kisimani, yenye mlango wa buluu." Badi, ambaye alisahihisha hata kilichokuwa sawa, akapiga mstari kwenye buluu, akaandika kijani. Jerioth akapiga mstari kwenye kijani, akaandika pembeni: "Njoo uone." Badi akaenda, akauona mlango, akanyweshwa chai na mamake Jerioth, akarudi kuandika buluu kwa mkono wake mwenyewe mbele ya darasa lote. Walicheka, na safari hii Jerioth naye alicheka. Tangu siku hiyo alizungumza, tena ilikuwa kazi kumnyamazisha. Zubeda alimpenda, na hakujitahidi kulificha hilo. Elkana alikuwa ameahidi kwamba binti akipita mtihani wa Novemba atampeleka sekondari, hata kama ni kwa kuuza shamba. Namba yake ya mtihani ilikwisha kusajiliwa katika shule ile. Asipoufanyia hapo, mwaka wake umekwenda na maji.

Agosti, shule zikiwa zimefungwa, fujo ziliingia Likoni. Watu wa bara walitafutwa mlango kwa mlango. Wengine waliuawa, nyumba zikachomwa, na waliosalia wakakimbilia makanisani na godoro kichwani. Zubeda aliwakuta kina Jerioth kanisani, akawapelekea uji. Alimwambia msichana nafasi yake darasani ipo. Siku chache baadaye wakavuka feri, wakajibanza kwa jamaa yao huko Changamwe.

Septemba shule zilifunguliwa na madawati kadhaa yakawa yamebaki wazi. Watoto waliokuwapo wakafanya kama walivyofunzwa. Zubeda aliingia darasani akakuta mistari mipya ukutani. Kibanda cha Mama Agneta kimepigwa mstari. Fundi baiskeli amepigwa mstari. Nyumba baada ya nyumba, kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni jina la Badi. Akamwita kijana mbele, akamuuliza ni nani aliyemtuma kuwafuta watu.

"Hakuna alonituma, Mwalimu," alisema Badi. "Si weye uliyetufunza? Mama Agneta hayupo na kibanda kimeteketea. Nikikiacha, n'taacha urongo ukutani."

Alisema hivyo yeye ambaye njugu za Mama Agneta alizila tangu hajaota meno ya mbele. Sheria ni msumeno, na Zubeda ndiye aliyeunoa. Alichoweza ni kusimama mbele ya sentensi ya Jerioth, ambayo haijaguswa bado, na kukataza isiguswe. Alisema Jerioth atarudi. Badi akauliza kwa adabu kama hiyo ni kweli. Zubeda akajibu inshallah. Watoto wakatazamana, kisha mmoja akaenda akaandika mwishoni mwa sentensi ile: inshallah. Wakaiacha hivyo.

Zubeda alivuka feri mara mbili kwenda Changamwe. Mara ya kwanza Elkana alikuwa zamu Kipevu. Mara ya pili alimkuta, akamwomba ampe Jerioth akae kwake mpaka mtihani uishe, alale chumba kimoja na wanawe. Elkana alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Zubeda zaidi.

"Mwalimu, kila mtu ananiambia turudi," alisema. "Hakuna anayeniambia ni nani walikuja kwangu usiku ule. Wewe umezaliwa pale. Uliwasikia?"

Zubeda alikuwa amewasikia. Walipita dirishani kwake, na sauti mojawapo alikuwa akiijua tangu mwenyewe angali mtoto. Alikuwa na wanawe ndani, na sauti ile bado ilikuwa ikipita dirishani kwake kila siku na kumwamkia. Alitazama chini. Elkana akamshukuru kwa uji wa kanisani, akamsindikiza mpaka kituoni. Njia nzima Zubeda alijichukia.

Oktoba, mchana kweupe, Elkana alikuja shuleni kuchukua barua ya uhamisho. Wanarudi bara, binti atarudia darasa la nane mwakani, akipatiwa nafasi. Wakati mwalimu mkuu akiandika, Jerioth alikuja darasani, akabisha hodi kama mgeni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Hakuenda kwenye dawati lake. Alikwenda ukutani, akasoma kuanzia juu, taratibu, maneno yaliyofutwa na yasiyofutwa. Alipoifikia sentensi yake alisimama, akaishika penseli iliyoning'inia kwenye uzi.

"Usifute, Jerioth," alisema Badi. "Tumekuwekea."

"Lakini si kweli," alisema Jerioth.

Akapiga mstari mmoja, kutoka jina lake mpaka inshallah. Akaandika jina lake pembeni, kama sharti lilivyotaka, akaiacha penseli. Zubeda alitaka kumshika mkono, kumwambia kuna mambo yasiyofutika kwa penseli, kumwambia neno lolote ambalo mwalimu hulisema. Yote aliyoyafikiria yalihitaji kwanza aseme lile asilolisema Changamwe, na hata sasa, mbele ya watoto wale, hakuthubutu.

Nje Elkana aliita. Jerioth akamgeukia mwalimu, akauliza kwa sauti ile ile ya kuomba alama:

"Nimekosea, Mwalimu?"

"La," alisema Zubeda. "Hukukosea."