Upepo wa Ghorofa ya Tano

Basi mji ukafungulia maji ya moto ya kupasha nyumba, na Vologda nzima, kule Urusi, ikavua masweta, isipokuwa wale waliopangana kwenye bomba moja na Rimma Arkadyevna. Rejeta yake, lile pipa bapa la chuma la kupasha chumba chini ya dirisha la jikoni, ilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Na wala hakushtuka! Alikuwa anakanda unga.

Hakushtuka kwa sababu alijua. Bomba lile linaanzia chini kabisa, linapita jikoni kwa kila mtu, linaishia kwake ghorofa ya tano. Kiangazi chote linakusanya upepo, na maji yakirudi, upepo unakimbilia juu, unajibana kwenye rejeta ya Rimma na kuziba njia. Hapo maji hayaendi mbele wala nyuma. Wote wa chini wanatetemeka mpaka yeye achukue bisibisi, alegeze kile kikoki kidogo cha pembeni, upepo utoke fyuuu, maji yatiririke kwenye beseni, afunge. Kwisha.

Lakini zamani, jamani, ilikuwa sherehe! Majirani walipanda wote na soksi zao za sufu, wanagonga mlango kwa ngumi: "Rimma Arkadyevna, umelikalia joto letu! Hebu inuka!" Mumewe Rodion, enzi za uhai wake, alilegeza koki akarukiwa na maji ya kutu usoni, wakamcheka mpaka basi, halafu wakajazana jikoni na pai ya kabichi na chai, hakuna anayekumbuka kwake. Siku nyingine zote za mwaka kila mtu na mlango wake. Siku ya upepo, thubutu kujifungia!

Sasa Rodion hayupo. Majirani wale, wengine wamekufa, wengine wamechukuliwa na watoto wao, na vyumba vimenunuliwa na vijana. Mwaka jana Rimma aliutoa upepo peke yake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna mtu ameutoa. Mwaka huu akajiambia: safari hii siutoi ng'o. Waje wenyewe.

Akatandika kitambaa cheupe, akashusha vikombe vizuri. Pai ikaiva, ikapoa, akaifunika. Kesho yake akaipasha tena.

Hakuja mtu. Ngazi kimya. Vijana walikuwa wanagombana kwenye grupu lao la simu, wanaitukana ofisi ya maji ya moto, wanatumiana picha za watoto waliovishwa kofia ndani ya nyumba. Rimma angejuaje? Simu yake ni ya vibonye. Akakaa jikoni na koti lake, macho mlangoni. Na kupitia kwenye bomba akawa anamsikia mtoto wa ghorofa ya nne anakohoa, kikohozi kikavu, hakikatiki.

Akashindwa kukaa. Akakata pai, akashuka.

Mlango ukafunguka kidogo tu, mnyororo haujatolewa.

"Hatununui kitu, mama."

"Siuzi. Mimi ni wa hapo juu. Rimma Arkadyevna."

"Kumbe juu kuna mtu?" Msichana akacheka kwa aibu, akatoa mnyororo. "Nisamehe, shangazi! Nilijua ni patupu, hata kiti hakisikiki. Mimi Snezhana. Ingia, ila koti usivue, humu ni friji tupu."

Mtoto alikuwa kwenye kiti chake kirefu, kofia kichwani, kamasi zinamtiririka. Hita ya umeme inakoroma pembeni, joto lake haliendi popote.

"Wanasema fundi atakuja wiki ijayo," alisema Snezhana. "Wiki ijayo! Nimewaambia aje na jeneza kabisa, asihangaike mara mbili. Kwako je, shangazi, rejeta inapata moto?"

Hapo hapo ndipo pa kusema. Angesema tu: ni upepo, uko kwangu, twende tukautoe. Msichana angepanda mbio na mtoto kiunoni, angeona kitambaa, angeona vikombe. Lakini angeuliza pia: na wewe ulikuwa unajua?

Mtoto akakohoa. Akanyoosha mkono akamshika Rimma kidole, na vile vidole vyake vilikuwa vya baridi kabisa.

"Kwangu pia baridi," alisema Rimma.

"Afadhali, si sisi peke yetu! Basi kaa, shangazi, maji yanachemka. Tule pai yako, unisimulie, mimi hapa siku nzima naongea na huyu asiye na meno."

Kiti kilikuwa tayari kimevutwa. Rimma akakitazama kile kiti.

"Kuna kitu nimekiacha jikoni," alisema, akaweka pai mezani, akatoka.

Alipanda haraka kuliko magoti yalivyotaka. Bisibisi, beseni. Koki ikatema mate, ikapuliza kwa muda mrefu, ikatema tena, halafu maji meusi yakaja, halafu ya moto. Akafunga. Rejeta ikanguruma tumboni, na joto likaanza kupanda ubavu mmoja mpaka wa pili.

Chini kukapigwa kelele. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Shangazi wa juu! Imepata moto! Unaona? Wale wa ofisini bila matusi hawaendi! Na kwako?"

Rimma alitoka mpaka kwenye ngazi, beseni la maji ya kutu mikononi.

"Imepata!" akajibu.

"Haya, raha sasa! Na pai yako tamu, shangazi, asante!"

Mlango ukafungwa. Mnyororo ukarudishwa. Rimma akasimama pale kidogo, pengine ataitwa tena, kisha akaingia ndani kumwaga maji.