Fundo Katikati ya Msuko

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja, kitana kati ya meno, uvimbe ulipoanza kuimba tumboni mwake.

"Punguza redio, dada," mteja alisema.

"Si redio. Ni tumbo."

"Basi liambie liimbe taratibu. Ulivyonivuta huku mbele, kichwa kinaniuma."

Uvimbe ulikuwa na sauti tamu kuliko mtu yeyote nyumbani kwa msusi. Kila jioni mama mkwe aliburuta kigoda akakaa kando ya tumbo, akasikiliza. Miaka yote ya ndoa alikuwa akilitazama tumbo hilo kama sufuria tupu. Sasa alilifumia sweta la manjano. Mume alianza kuwahi nyumbani. Alimpima mkewe kiuno kwa futi ya kamba, na kilipoongezeka aliwapigia ndugu zake simu. Msusi mwenyewe alikonda mpaka pete ya ndoa ikamteleza kidoleni, ikapotelea kwenye nywele za mtu.

"Daktari amesema ni saratani ya ovari," aliwaambia. "Itaniua."

"Wako waliokufa wakizaa," mama mkwe alijibu, macho kwenye mishono. "Watoto tuliwatupa?"

Alikwenda hospitali peke yake. Muuguzi alimtundikia dripu yenye platinamu, madini yale yale ya pete za matajiri, akamweleza kazi yake. Ndani ya kila seli kuna nyuzi mbili zilizosokotana, DNA, zenye maagizo yote ya seli. Seli ikitaka kugawanyika, sharti izifumue na kuzinakili. Platinamu hung'ang'ania nyuzi hizo na kuzibana pamoja. Seli huhangaika kufumua, ikishindwa hujiua.

"Yaani mtu afunge fundo katikati ya msuko."

"Hapo hapo. Ila dawa haichagui, dada. Itagusa figo, vidole, masikio."

"Na iguse."

Uvimbe ulianza kukwama. Ulirudia ubeti mmoja, kisha neno moja. Vidole vya msusi vikafa ganzi, na sauti nyembamba zikamhama masikioni: birika, ndege, kengele ya baiskeli. Mwishowe uvimbe ulilia kwa sauti nyembamba kuliko zote, ukiomba ufunguliwe. Nyumba nzima iliusikia isipokuwa yeye. Yeye alikuwa akikunja nguo.

Uvimbe ulipokufa, walizika sweta. Majirani walimpa mkono mume, wakampa mkono mama mkwe, wakapita mbele ya msusi kama wanaopita mlango uliofungwa. Siku zilizofuata mume alianza kuulizia mwanamke mwingine mwenye tumbo la kuimba.

Mama mkwe alimfuata msusi kazini. Aliinama mpaka sikioni, akasema kwa nguvu ili asikike:

"Umemuulia mwanangu mtoto wake. Nenda ukamwombe radhi."

Msusi alitoa kitana mdomoni.

"Siombi, mama. Leo siombi, kesho siombi. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Akaendelea kugawa nywele.