Mgonjwa wa Kwanza

Hasira hasara, wanasema. Waseme. Pilipili alikuwa nazo za kugawa na nyingine zikabaki, na asubuhi hiyo zilimpanda hadi utosini akiwa katikati ya ukumbi wa mihadhara, kalamu mkononi, katika somo la Utangulizi wa Epidemiolojia, elimu ya kuenea kwa magonjwa.

Mhadhiri wao wanafunzi walimwita Daktari Kwa Ufupi, maana hakuweza kufungua mdomo bila maneno hayo kutangulia. Alikuwa amechora ubaoni mchoro wa mlipuko wa ugonjwa: nguzo fupi, nguzo ndefu, kisha fupi tena. Kila nguzo siku moja, kila kiboksi ndani yake mtu mmoja aliyeharisha.

"Huu ni mlipuko wa mwaka jana, mtaa mmoja wa hapahapa mjini," alisema, akagonga kwa chaki kiboksi kilichokaa peke yake mwanzoni. "Na huyu, kwa ufupi, ndiye mgonjwa wa kwanza. Mama mmoja dobi."

Dobi huyo alikuwa mama yake Pilipili.

Mwaka jana mama alipoanza kuharisha maji matupu hakungoja mtu. Alijikokota hospitali asubuhi ileile. Jioni watu wa afya wakaingia mtaani, wakatia dawa kwenye tangi wanalochotea maji wote, wakaziba bomba lililokuwa likivuja kando ya mtaro wa maji machafu. Walilazwa watu kadhaa, hakufa hata mmoja. Ungedhani mama atashukuriwa. Thubutu! Uliitishwa mkutano, na huyuhuyu Kwa Ufupi akasimama mbele ya watu akasema ugonjwa uliletwa na mgonjwa wa kwanza, dobi wa nyumba ile pale. Fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye ulimi mrefu kuliko futi yake ya kupimia, akampachika jina palepale: Bi Wa Kwanza.

Jina likamganda. Wateja wakayeyuka mmoja mmoja, kwani nani ampe shuka zake mwanamke anayeleta kuhara? Watoto wa mtaa wakamtungia wimbo. Mama alijifanya kucheka nao, kisha akaanza kupita njia ya uchochoroni ili asikutane na mtu. Aliyebaki kuja kwake bila woga ni Chiriku, binti mdogo wa fundi huyohuyo, mtoto asiyefunga mdomo hata akila. Alikaa karibu na beseni, akachezea povu, akauliza maswali hadi mama akacheka kweli.

Pilipili akanyoosha mkono.

"Daktari, huyo dobi alikuwa wa kwanza kuugua, au wa kwanza kufika hospitali?"

Kwa Ufupi akafurahi, kama walimu wanavyofurahi wakidhani wamefundisha. "Swali zuri sana! Wa kwanza kufika. Wa kwanza kuonekana na sisi. Huenda kabla yake wako waliougua wakajiuguza kimyakimya nyumbani. Andikeni hiyo, nitaitoa kwenye mtihani."

Ukumbi mzima ukainama kuandika. Pilipili hakuandika.

"Kwa hiyo hakuuleta yeye."

"Hakuna ushahidi huo. Chanzo kilikuwa maji."

"Basi mbona mtaani ulisema ameuleta yeye?"

Kalamu zikasimama. Kwa Ufupi akajifuta chaki vidoleni, taratibu. "Ah, ulikuwepo. Unajua, binti, watu wa kule haya mambo hawayajui. Niliwarahisishia."

Aliwarahisishia! Mwaka mzima mama yake anatembea uchochoroni kama mwizi, kisa mtu mwenye shahada tatu aliona uvivu kusema sentensi nzima.

"Uliwarahisishia wao, ukamharibia mama yangu," Pilipili alisema, na sauti yake ilifika hadi viti vya nyuma bila kipaza sauti. "Ukweli unautoa humu ndani, kwa watu wa kufanya mtihani. Kule nje ukatupa uongo kwa sababu ni mfupi."

"Tutazungumza ofisini kwangu."

"Siji." Akakusanya vitu vyake akatoka, mlango akauacha wazi makusudi.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Hasira imejaa, lakini chini yake kuna furaha: leo angemwambia mama, kwa kinywa cha daktari mwenyewe, kwamba hakuwa wa kwanza kwa lolote isipokuwa kuwahi. Alisukuma mlango akiita, "Mama! Mama, sikia!"

Mama alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Ndoo ilikuwa kando yake. Pilipili hakuhitaji kuchungulia ndani ya ndoo.

"Tangu lini?"

"Asubuhi, ulipotoka tu. Nimekula kitu kibaya."

"Kitu kibaya gani, mama? Hayo ni yaleyale. Inuka twende hospitali."

"Wamekwenda wangapi?"

"Kwenda wapi?"

"Hospitali. Wa mtaa huu. Wamekwenda wangapi?"

"Sijasikia mtu."

"Basi na mimi siendi. Akitangulia mwingine, nitafuata."

Pilipili aliona giza. "Mama, huu si upuuzi jamani? Tangi lile watu wanalinywa sasa hivi!"

"Na mwaka jana nilipowahi wakapona, walinilipa nini?" Mama alikuwa hana nguvu ya kukaa wima, lakini ya kugomba alikuwa nayo. "Wimbo. Walinilipa wimbo. Sitaki kuimbwa tena. Na wewe Pilipili, ukifungua hicho kinywa chako ukanitangaza, radhi zangu huna. Nimeapa."

Radhi ya mama si maneno ya kuchezea. Pilipili alisimama katikati ya chumba ngumi zimekunjwa, hana wa kumpiga. Mwisho akachemsha maji, akakoroga chumvi na sukari, akaanza kumnywesha kwa kijiko, huku akimlaani Kwa Ufupi, akimlaani fundi cherehani, na kila kijiko kikimwagika akimfokea mama kisha akijuta.

Alasiri alisikia cherehani ya jirani ikinguruma, na sauti ya Chiriku ikisimulia jambo lisilo na mwisho. Roho ikamsuta. Akatoka uani, akaita juu ya ukuta.

"Fundi! Maji ya kunywa mchemshe. Leo msiyanywe hivihivi."

Cherehani ikanyamaza. "He! Msomi ameanza. Kwani kuna nini?" Halafu fundi akacheka kile kicheko chake. "Au Bi Wa Kwanza ameshaanza tena?"

Pilipili alifungua kinywa. Angesema. Lakini kicheko kile kilimchoma mahali palepale palipokuwa na kidonda, naye akaona kheri mwanamke huyu apasuke kuliko kumpa neno la kuchekea.

"Hapana," alisema. "Mama mzima kabisa." Akaingia ndani, akaubamiza mlango.

Kesho yake mchana mtaa ulijaa kelele: kuna mtu amekimbizwa hospitali, anaharisha maji. Mama aliposikia alifumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso ukamlegea.

"Ametangulia mtu," alisema. "Haya, nishike mkono. Twende."

Hakuuliza ni nani. Alijua walipofika. Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi la korido, sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake la kazi, na mikono yake imekaa mapajani haina kitu. Muuguzi mmoja alikuwa anakunja shuka. Chiriku alikuwa amekata roho kabla muuguzi hajaupata mshipa wa kumtundikia maji.

Mama alilazwa kitanda cha karibu na mlango, dripu mkononi. Pilipili alisimama pembeni yake.

Haikupita muda watu wa afya wakafika, na Kwa Ufupi mbele yao, karatasi mkononi. Watu wa mtaani walikuwa wamejazana mlangoni. Aliongea na muuguzi, akatikisa kichwa kwa huzuni, akawageukia wenzake. "Kwa ufupi, mgonjwa wa kwanza ni mtoto wa fundi cherehani."

Mnong'ono ukapita mlangoni. Fundi akainua uso. Alitazama watu waliokuwa wakimtazama, akawaelewa, maana hakuna aliyewajua kuliko yeye.

"Mwanangu ndiye kauleta?" aliuliza.

Mama akamshika Pilipili kifundo cha mkono, kwa nguvu asizokuwa nazo. "Nyamaza," alinong'ona. "Nyamaza, mwanangu, nakuomba."

Pilipili akajinasua.

"Si Chiriku," alisema. "Mama alianza jana asubuhi. Alijificha asiitwe jina, na mimi nikamficha. Fundi, uliniuliza ukutani nikakudanganya." Kisha akamgeukia mhadhiri, machozi yanamtiririka na hasira haijapungua hata chembe. "Na wewe usiandike chochote kifupi. Mwaka jana tangi lilitiwa dawa jioni ileile kwa sababu mama aliwahi. Safari hii hakuwahi kwa sababu ulimfundisha kuchelewa. Andika hivyo. Yote."

Kwa Ufupi alitazama karatasi yake. Alikata mstari mmoja kwa kalamu, kisha akakaa hivyo, kalamu hewani, hajui aandike nini juu yake.

Fundi cherehani aliinuka. Watu wakampisha. Alikwenda hadi kitandani, na Pilipili akajiweka katikati, tayari kwa kofi, tayari hata kulirudisha. Fundi akampita tu. Akamwinamia mama, ambaye alikuwa ameupa ukuta uso.

"Ungekwenda ningekucheka, jirani," alisema. "Haki ya Mungu ningekucheka, mtaa mzima ukasikia." Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Si bora ningekucheka?"