Kompyuta Mbili, Eliufoo Mmoja

Nilipopunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge, watu walinishauri nifungue genge la mboga. Mimi mafao yangu nikayanunulia kompyuta ya mtumba, nichape kazi za watu hapa nyumbani Same. Walinicheka sana. Baba hakucheka. Aliteremka kutoka kijijini kwake Chome kuja kuiona, akaongea kwenye maikrofoni yake nikamrekodi, na mwezi uliofuata tukamzika.

Mdogo wangu Rodgers hakuwahi kuisikia rekodi ile. Siku hiyo alikuwa Makanya kwenye machimbo ya jasi, na alipokuja msibani kompyuta ilikuwa imeshakuwa bubu. Kuihamisha rekodi kwa flopi, kile kidiski chembamba, haikuwezekana, haikuenea. Sasa mashine yenyewe ilikuwa inakoroma na kuzimika ovyo. Niliogopa. Ikifa, sauti ya Baba imekwenda nayo.

Jumapili moja baada ya ibada Rodgers akashuka kwenye basi na kompyuta yake, ameiviringisha blanketi kama mtoto mchanga. Alikuwa amepata waya wa kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja. Tukachomeka huku na huku, tukawasha. Ikaja taarifa kwamba jina la kompyuta hii linatumiwa tayari na kompyuta nyingine.

"Yako umeiitaje?" nikamuuliza.

"Eliufoo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yangu nayo ilikuwa Eliufoo, jina la Baba. Kwetu jina la babu haliachwi lipotee, hupewa mjukuu. Sisi hatukuwa na watoto, basi kila mmoja akaipa mashine yake jina hilo kimyakimya.

"Badilisha yako, dada. Jina la Baba ni la mtoto wa kiume."

"Nani kakwambia? Wakati namuuguza ulikuwa wapi?"

Hasira ilinipanda kwelikweli, na yeye akanuna. Ndipo kompyuta yangu ikaanza kukoroma. Nikajiona mjinga: nagombania jina, mwenyewe anaondoka. Nikafuta Eliufoo, nikaandika Chome. Ili jina jipya likubali, ilibidi mashine izimwe na kuwashwa upya, na sikuwa na hakika kama itaamka.

Iliamka, baada ya kututesa. Rekodi ikahama taratibu, sisi tumekodoa macho.

Ilipofika kwake, Rodgers akaifungua.

"Rodgers, mwanangu!" Baba akaita. Kisha kimya.

Rodgers akaizima haraka. "Imekatika, dada. Tumepata jina tu." Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Haijakatika," nikamwambia. Nilikuwepo siku ile, nakumbuka. Baba alikataa katakata kuendelea kuongea bila kumwachia mtoto nafasi ya kumwamkia kwanza, hata nilipomweleza kwamba Rodgers yuko Makanya. "Anakusubiri. Irudishe mwanzo."

Akairudisha.

"Rodgers, mwanangu!"

Mdogo wangu akavua kofia. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba," Baba akaitikia.